Mstari Uliopinda Likoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wembe. Nilikuwa nimeingia ofisi ya ramani ya mji na kalamu mpya na kiburi cha kutosha, nikidhani nitaanza kwa kuchora. Msanifu Mkuu, mzee mkavu aliyevaa soksi ndefu hata wakati wa joto la kaskazi, akaniwekea mezani karatasi ya tresing, ile nyororo inayopitisha mwanga, imejaa mistari ya mtu mwingine.

"Futa huu," akasema, akigusa mstari mmoja.

Wino wa siku zile haukutoka kwa raba. Ulikwanguliwa kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke. Asubuhi nzima iliishia kwenye mstari ule mmoja. Aliporudi aliinua karatasi kwenye mwanga, akaguna.

"Mstari wa karatasi waufuta kwa wembe. Wa ardhini utaufuta kwa nini?"

Akageuka akaenda zake.

Baadaye nilihamishiwa Changamwe kusimamia ujenzi wa nyumba za wafanyakazi, chini ya Mhandisi wa Eneo, bwana mmoja mwenye sauti ya kuamsha majirani. Kwake nikajifunza kushusha ramani, yaani kuitoa kwenye karatasi na kuilaza chini kwa vigingi, kamba na chokaa, ili fundi ajue pa kuchimba. "Ramani isiyotembeleka ni picha ya kalenda," alikuwa akisema, na akikuta kigingi kimekaa upande alikupigia kelele kana kwamba umemtukana mamake. Nilimchukia sana, na bado nafanya kazi kwa sheria zake.

Kutoka hapo nikaingia chuoni kufundisha, na ndiko nilikomalizia. Nilikuwa mkufunzi wa studio. Vijana wakisikia studio hufikiria muziki. Kwetu sisi wa usanifu majengo, studio ndilo somo lenyewe: mwanafunzi hupewa kipande cha mji, akakichunguza, akakichora upya, kisha akasimama mbele ya jopo la watahini kutetea kila mstari. Ya mwaka wa mwisho ndiyo huamua kama utaitwa msanifu au utarudia mwaka. Nami niliweka desturi yangu, ya Mhandisi wa Eneo kwa kweli: kabla ya jopo, kila mwanafunzi ashushe ramani yake mahali penyewe, watahini waitembee kwa miguu. Mkuu wa Idara aliipenda hata akaifanya kanuni. Ramani isiposhushwa, hakuna alama.

Kadzo alikuwa katika darasa langu la mwisho kabla sijastaafu. Msichana wa Kisauni, mpole wa maneno na mgumu wa kichwa. Mfadhili aliyemsomesha alishamwambia huo ndio mwaka wa mwisho wa msaada, kwa hiyo kurudia kwake kulikuwa sawa na kufukuzwa. Alichagua mtaa mmoja wa Likoni, nyuma ya soko, ambako watu wakishuka feri hujipenyeza vichochoroni na mizigo kichwani, na mvua ikinyesha huogelea. Alichora barabara ya waenda kwa miguu, imenyooka kama uzi, yenye mifereji, taa na mahali pa akina mama kuuzia viazi karai. Ilikuwa kazi nzuri. Mezani niliisifu, na mimi si mwepesi wa kusifu.

Siku mbili kabla ya jopo, simu yangu ikalia.

"Mwalimu, njoo Likoni." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wamenizunguka."

Nilivuka na feri nikiwa nimesimama mbele kabisa, kana kwamba ningefika kabla yake. Nilipoingia mtaani sikuhitaji kuuliza njia. Chokaa nyeupe ilikuwa imepita katikati ya nyua za watu, na juu yake wanawake wameketi, wamekunja mikono. Vijana walikuwa wameshika futi ya Kadzo na mfuko wake wa chokaa. Yeye alisimama katikati, nywele zimeota vumbi jeupe, hana pa kutokea.

Wasiojua pwani yetu niwaeleze kidogo. Hapa mtu aweza kujenga nyumba, akaoa, akaoza wanawe na akazikia humo, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine asiyemjua hata kwa sura. Nyumba ni yako, kiwanja si chako. Watu wa namna hiyo hulala jicho moja wazi. Kadzo alikuwa ameomba ruhusa kwa mzee wa mtaa, akapewa. Lakini hata mlango mmoja haukubishwa hodi, na chokaa ilipigwa asubuhi, watu wengi wakiwa makazini.

Mstari ulikuwa umepanda kizingiti cha jiko la Bi Mwanasiti, mwanamke mtu mzima mwenye kigoda chake, na kigoda hicho kilikuwa kimewekwa juu ya mstari wenyewe. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wake?"

"Ndiye mimi. Bibi, hili ni somo la chuo tu. Hakuna nyumba itakayoguswa."

"Hata wale walisema ni vipimo tu," akasema, bila kupandisha sauti. "Nilikokuwa nikikaa kabla ya hapa, alikuja kijana mpole hivihivi, na mfuko wa chokaa. Alitusalimu vizuri. Baadaye likaja tingatinga, likabomoa. Wallahi sitoki hapa. Munataka kupita, nipitieni."

Wanaume waliokuwa kando wakasogea. Nikampigia Mkuu wa Idara nikamweleza, akanijibu kama anayesoma tangazo: "Jopo ni kesho kutwa. Mtahini wa nje ameshatoka Nairobi. Bila mistari, hakuna alama. Kanuni ni yako mwenyewe, Mwalimu."

Kadzo alisikia. Akaomba ufagio na ndoo ya maji. Kwanza hakuna aliyempa. Kisha mmoja akasukuma ndoo kwa mguu, na Kadzo akainama, akaanza kuosha, uani hadi uani. Nilikuwa na hasira naye, nasema kweli. Niliona shahada yake inakwenda na maji yale meupe. Na papo hapo nikamwonea fahari, hata nikageuka nisionekane uso.

Alipofika kizingiti cha jiko alichuchumaa mbele ya kigoda.

"Bibi, nikirudi kesho bila chokaa, nikabisha hodi, mutanisikiza?"

"Hodi haikatazwi," akajibu Bi Mwanasiti.

Kesho yake Kadzo alizunguka nyumba kwa nyumba na ombi moja. Kila mwenye nyumba amwazime leso, na aitandike kwa mkono wake pale ambapo angekubali watu wapite. "Leso ni yako," aliwaambia. "Ukighairi, waiokota." Wengine walicheka, wengine wakamuuliza maswali hadi akakaukiwa mate. Bi Mwanasiti alimkaribisha, akampa chai ya tangawizi, na leso hakutoa.

Siku ya jopo barabara ya leso ililala mtaani kwa rangi zote, imeshikwa na mawe kwa ajili ya upepo. Mtahini wa nje, mtu wa maneno machache, alitembea kando yake, hakukanyaga hata moja. Mkuu wa Idara alikuwa na ramani mkononi. Palipo jiko la Bi Mwanasiti mstari ukapinda, ukalizunguka jiko kwa leso za majirani, ukarudi njiani.

"Uliyoleta mezani imenyooka," akasema Mkuu wa Idara.

"Ilikuwa, bwana. Hapa mwenyewe hakutoa leso."

"Na angekataa wa kwanza kabisa, kule mwanzoni?" akauliza mtahini.

"Ningerudi kubisha hodi."

Wanawake walikuwa wakitazama kutoka milangoni, na mimi nilikuwa nikihesabu pumzi za msichana yule. Mtahini akaandika kitu, akaendelea kutembea. Kadzo alipasi. Alama hazikuwa za juu, kwa kuwa michoro na ardhi havikulingana, na Mkuu wa Idara si mtu wa kusamehe hilo. Lakini alipasi, na sasa ni msanifu.

Barabara yenyewe haijajengwa, na huenda isijengwe. Mimi nimestaafu, nakaa Port Reitz, nagombana na kuku wa jirani. Juzi nilivuka kwenda kumwamkia Bi Mwanasiti. Tulipokwisha kunywa chai nikamuuliza lililokuwa likinikera: mbona wote walitoa leso, yeye akakataa? Mbele ya jiko lake palikuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka.

Alikuwa akichambua mchele, akaumaliza kwanza.

"Sikuikataa njia, mwanangu. Umri wangu wote watu wa ramani wamenipitia. Nilitaka nimuone mmoja anizunguke."