Siku Niliyomheshimu Mtani Wangu

Siku ile niliipanga kwa wiki mbili, kwa makini kuliko nilivyopanga harusi yangu mwenyewe. Asubuhi jumba la sanaa, mchana boti kwenye mfereji. Wenzangu kazini walisema nina moyo mzuri, kumtembeza mzee wa watu aliyetoka nyumbani. Niliitikia tu. Jumba la sanaa nililichagua kwa sababu mle ndani watu husema kwa kunong'ona. Boti niliichagua kwa sababu ukishapanda huwezi kushuka katikati ya safari.

Mzee mwenyewe ni Mhehe, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jirani yetu wa miaka mingi kule Songea. Sisi ni Wangoni. Babu zetu na babu zao walipigana vita, na walipochoka kuuana wakaanza kutaniana, utani huo tukaurithi sisi. Mtani anaweza kukutukana sokoni, akakuvua kofia kichwani, akasema mbele ya wageni kwamba una sura mbaya, nawe hukasiriki. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Utotoni sikuwahi kumwamkia mzee yule shikamoo. Nilimwambia, "Wewe hujafa tu?" naye akanijibu, "Nife nani awalinde panya, si mtawamaliza?" Wao husema sisi tunakula panya. Sisi husema wao wanakula mbwa. Mama yangu alikuwa akitusikia anacheka mpaka anashika ukuta.

Msibani ndiko mtani anakotawala. Watu wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu na kumwigiza sauti, mwendo, hata ubahili wake. Analala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku. Kwetu, mazishi yasiyo na mtani ni mazishi ya mtu asiye na watu. Na jambo moja zaidi ambalo hata mtoto analijua: mtani haombi radhi. Siku akiomba, amekiri kwamba yale aliyoyafanya hayakuwa utani.

Mama alifariki miaka sita iliyopita. Nilikuwa hapa Kilburn, London, karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka, na kama ningeondoka nisingeweza kurudi. Kwa hiyo mama yangu nilimzika kwenye simu. Dada yangu mdogo aliishika simu ya video juu kule makaburini, nami nikasimama jikoni kwangu nimeshavaa sare, maana saa nane nilikuwa na shifti kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa nimewaomba wenzangu watatu wabadilishane nami. Wote walikuwa na sababu.

Mtani, mzee huyohuyo jirani yetu, akatokea amevaa gauni la mama juu ya suruali yake, sweta la mama, na fimbo ya mama mkononi. Alitembea kama mama, ule mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Hapo nilicheka kwa dhati, kwa sababu alikuwa ni mama kabisa. Kisha akamfuata dada, akamnyang'anya simu, akaiweka sikioni. Kwenye kioo cha simu yangu sikuona kitu ila sikio lake. Nikasikia sauti yangu ikitoka kinywani mwake, imebana pua kidogo, Kiswahili chake kimeingia baridi: "Halo? Mama amekufa? Oh, sorry. Basi mzikeni tu, mimi nipo kazini. Mkimaliza nitumieni picha."

Makaburi mazima yaliangua kicheko. Nami nikacheka, maana mfiwa ndivyo anavyotakiwa, na dada alikuwa akisema, "Anacheka, jamani, anacheka!" Nilipokata simu nilipanda basi nikaenda kazini. Jioni ile niliwaogesha vikongwe watatu, nikawakausha katikati ya vidole, nikawavalisha soksi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mama yangu.

Angesema uongo ningemsamehe siku ileile. Lakini sare nilikuwa nimeivaa. Nilikuwa kazini, na picha kweli niliomba nitumiwe. Miaka sita nililala na sikio lile. Karatasi zilipotoka nilikwenda kuliona kaburi, na yeye alikuwa amesafiri kwao Iringa, kwa hiyo hatukuonana. Nilikuwa na maneno yangu tayari, nikarudi nayo London.

Halafu mwaka huu binti yake, nesi anayeishi Woolwich, akajifungua, na mzee akaletwa kumwona mjukuu. Akanipigia simu. "We mla panya, nimefika kwenye mji wako. Njoo unitembeze kabla sijafa kwa baridi." Nikamwambia, "Karibu sana, mzee wangu. Nimefurahi kukusikia." Akasema labda simu ni mbovu.

Silaha yangu ilikuwa hiyo. Kumtukana mtani ni kumlisha. Ukitaka kumuumiza, mheshimu.

Nilimfuata Woolwich Jumamosi asubuhi. Alisimama mlangoni kwa bintiye amevaa koti la kuazima lililomfika magotini, akanyoosha fimbo akapiga kelele mtaa mzima usikie, "Jamani fungeni stoo, Wangoni wamefika!" Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, mzee." Aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeamkiwa. Alipoona hakuna mtu, akasema, "Marahaba," polepole, kama mtu anayesaini karatasi asiyoisoma.

Kwenye treni alijaribu mara nne. Nilimpa kiti, nikamfunga vizuri skafu, nikamuuliza habari za presha yake. "Kwani nimekuwa mgonjwa wako?" akasema. Nikajibu, "Hapana, mzee. Ni wajibu wetu kuwatunza wakubwa." Mama mmoja aliyekaa mbele yetu, ambaye nadhani alikuwa Mkenya, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimpenda sana mama yule.

Jumba la sanaa lina nguzo kubwa mbele na vyumba vinavyofunguka kimoja ndani ya kingine. Nilimpitisha taratibu. Kwenye picha ya mwanamke mnene aliyelala uchi juu ya shuka jekundu alinigusa kwa kiwiko. "Nimemtambua. Shangazi yako." Nikasema kwa sauti ya chini, "Hapana, mzee. Ni mungu wa kike katika hadithi zao za kale." Akaitazama picha, akanitazama mimi. Mlinzi wa chumba akatutazama sote wawili.

Kisha tukafika kwa mbwa. Sikuwa nimempanga mbwa, nakiri, huyo aliniangukia tu. Ilikuwa picha ya bibi mmoja wa kitajiri, na mapajani mwake mbwa mdogo mweupe, amenona, manyoya yamechanwa, ana utepe shingoni. Mzee alisimama pale. Aliegemea fimbo. "Huyu mbwa," akasema, "amenona huyu."

Akangoja.

Alikuwa amenipa mpira mbele ya goli tupu. Mtoto wa miaka mitano wa Kingoni angejua la kusema. Nilikuwa na majibu kumi kichwani, moja zuri kuliko jingine, mengine nilikuwa nayo tangu darasa la pili. Nikaona anavyonitazama kwa pembe ya jicho, mdomo umeshaanza kutabasamu, anasubiri kutukanwa kama anavyosubiri chai yake. Nikasogea nikasoma kibao. "Ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa, mzee. Imetunzwa vizuri sana."

Tabasamu lilikaa usoni kwake muda mrefu kidogo halafu likaondoka. Niliona raha. Siwezi kuandika vinginevyo: niliona raha mpaka kwenye magoti.

Tulikula kwenye benchi. Nilimfungulia mkate wenye kuku, nikampangusia mikono. Hakusema lolote kuhusu kile chakula, yeye ambaye alikuwa akiingia jikoni kwa mama kuuliza nani amefia sufuriani. Alikula, akasema asante. Nilimwambia si neno, mzee wangu.

Boti inaondokea pale mfereji unapopanuka, nyuma ya stesheni ya Paddington. Ni boti ndefu nyembamba, mabenchi pande mbili, na kijana mwenye kipaza sauti anayeeleza majumba yanayopita. Nilimkalisha dirishani, mimi nikakaa upande wa njia. Tuliyapita maboti ya watu wanaoishi majini, vyungu vya maua na kuni juu ya paa, baiskeli zimefungwa kwa minyororo. Alijaribu mara ya mwisho, bila nguvu. "Wanaishi ndani ya majeneza hawa." Nikasema, "Kodi za nyumba ni ghali sana hapa, mzee."

Ndipo boti ikaingia kwenye handaki. Si refu, lakini ni la giza, na maji yanasikika ukutani. Kijana akazima kipaza sauti ili watu wasikilize mwangwi. Kule gizani mzee akasema, si kwa sauti yake ya kutania, kwa sauti ya mwalimu aliyeitwa ofisini, "Mwanangu. Nimekukosea nini?"

Miaka sita nilikuwa nikingoja swali hilo. Nilimjibu. Nilimwambia habari za sare, za shifti, za wenzangu watatu waliokataa, za sikio lake kwenye kioo cha simu yangu. Nilimwambia, "Ulisimama kwenye kaburi la mama yangu ukawaambia watu sikuja kwa sababu sijali." Sauti yangu ilipanda, na handaki likairudisha. Watu hawakujua lugha, lakini walijua ni ugomvi.

Tulitoka kwenye mwanga. Alikuwa amevua kofia ameishika mapajani.

"Walinikataza," akasema. "Wajomba zako walisema, huyu wa London mwache, yuko mbali, ataumia. Nikawaambia nikimwacha atakuwa hakuwepo. Wote nimewataja, dada yako nimemwigiza, wajomba nimewaigiza, yeye mtoto wa kwanza nimruke? Nikakuleta. Kwa kinywa changu, lakini nikakuleta. Na ukacheka, nilikusikia."

"Nilicheka kwa sababu ndivyo inavyotakiwa."

"Wote hucheka kwa sababu hiyo, mwanangu."

Ningeweza kuishia pale. Nilikuwa nimeshamsikia na nilikuwa nimeshamwelewa, hilo lazima niliseme, nilimwelewa palepale kwenye benchi. Lakini sikuja kuelewa. Nilikuja kulipiza, na siku ilikuwa bado haijaisha.

"Sema samahani," nikamwambia.

Alinitazama kama nimemwomba avue nguo. "Mtani haombi radhi. Unajua nikiomba..."

"Najua. Sema."

Boti ilikuwa inapita chini ya daraja la chuma. Aliangalia maji, akaangalia kofia yake. Ni mtu wa miaka themanini kasoro. Kisha akaweka mikono pamoja kifuani kama anavyofanya mtu mbele ya wazee wa baraza, akasema maneno yote, hakuruka hata moja: "Naomba unisamehe. Nilimdhihaki mama yako siku ya mazishi yake, na wewe nikakudhihaki. Nilikosa."

"Nimekusamehe, mzee," nikasema.

Kijana wa kipaza sauti alituonyesha bustani ya wanyama upande wa kushoto, na kizimba kikubwa cha ndege. Watu wote walihamia dirishani kupiga picha. Nilikaa na ushindi wangu kifuani, mtamu kabisa, na ulidumu mpaka tulipofika Camden, mwisho wa safari. Hapo boti ilifunga kamba, na mzee akawa anahangaika kupanda ngazi, koti la kuazima limemnasa miguuni. Bila kufikiri, kwa mazoea tu ya utoto, nikasema, "Panda basi, au miguu umeiacha Iringa?"

Ilitoka yenyewe. Nilingoja jibu. Nilikuwa nalitaka kuliko kitu chochote siku ile.

Akanigeukia kwa adabu. "Naenda polepole, mwanangu. Asante kwa kunishika mkono."

Nilimrudisha Woolwich. Njia nzima tulizungumza hali ya hewa, mjukuu, bei za vitu. Mlangoni alinishukuru kwa matembezi mazuri, akaniombea baraka kama anavyomwombea mhudumu wa benki, akaingia ndani. Hakusema neno hata moja juu ya panya.

Dada alipiga simu jioni, na kabla sijamweleza chochote akaanza kucheka peke yake. "Alikufanyia nini leo? Unakumbuka alivyolala kaburini kwa mama? Watu bado wanasema, mama yenu alizikwa kweli!" Nilimwambia tulikuwa na siku nzuri. Sikuweza kumwambia kwamba mtu aliyelala kaburini siku ile ameshakiri, kwa kinywa chake na kwa kulazimishwa na mimi, kwamba hakuwa mtani bali mzee aliyemdhihaki maiti. Nilikuwa nimemzika mama yangu upya, safari hii nikiwepo mwenyewe, na nimemzika bila mtani.