Chujio la Mwani la Mwanapili

Katika Kiuyu yote hakuna aliyempita Mwanapili kwa kuchemsha mwani. Sabuni zake zilifika hadi Chake Chake, naye alipenda kusema kwamba mwani humtii kuliko mumewe. Mume mwenyewe, Hafidh, alikuwa wa kwanza kucheka.

Masika yale maji ya kisima yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi moja Mwanapili aliyamwaga juu ya kitambaa alichochujia mwani jana yake, apate kukiosha. Ute ulikuwa umegandia humo. Maji yakatuama juu, kisha yakaanza kudondoka chini, tone kwa tone, meupe.

"Wifi, hebu njoo uone," akaita.

Wifi yake, Ummkulthum, mwalimu wa sayansi kule Micheweni, alikuwa kwao kwa likizo. Akachuchumaa, akatazama. "Huo ute umefanya utando. Una vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupita, tope hubaki."

"Basi tuutengeneze wa makusudi."

Wa kwanza waliupika mwepesi, maji mengi, mwani kidogo. Ndoo haijafika nusu, utando ukachanika na tope likapita lote. Mwalimu akasema kosa ni uchache wa mwani, Mwanapili akakubali, wakaupika mzito kama ugali. Mara hii maji yalikaa juu yake tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, wala tone halikushuka.

Hafidh akapita, akainama. "Hichi si chujio," akasema. "Hili bwawa."

Wakajaribu mwani mnene, ile aina ya matawi manene, peke yake, kwa kuwa ndio unaoganda vizuri, wakatia na maji ya jivu la makumbi ya nazi ili ushikamane. Ukaganda kweli, lakini Mwanapili alipoukunja kuuweka mdomoni mwa ndoo, ukavunjika kama kigae. Ummkulthum akaketi chini, akavua viatu, akakiri kwamba hajui lililobaki. Mwanapili naye hakujua. Wakanywa chai.

Chai ilipofika nusu, Mwanapili akaukumbuka mwani mwembamba, ambao ute wake huganda laini na kunyumbuka. "Tukiichanganya?"

"Mnene ushike, mwembamba ulegeze," akasema Ummkulthum, na tayari alikuwa amesimama.

Wakatia mnene mwingi na mwembamba kidogo, pamoja na yale maji ya jivu, wakakipaka kitambaa. Utando ukakunjika bila kupasuka. Maji yalishuka polepole, ndoo moja kwa asubuhi nzima, lakini yalishuka safi hata maua yaliyochorwa ndani ya bakuli la kukingia yakaonekana.

Alasiri majirani wakaja kutazama, wakakuta uji umetapakaa uani. Hafidh, kwa kutaka kusaidia, alikuwa ameuosha utando kwa maji ya moto, ukayeyuka wote.

"Mie nlijua chombo huoshwa kwa maji moto," akajitetea.

Mwanapili akacheka hata akashika ukuta. Akabandika sufuria upya, akapika mwingine mbele ya wageni, huku akiwaonya: chujio hili huondoa tope, haliondoi vijidudu, kwa hivyo maji ya kunywa lazima yachemshwe, ila yakishachujwa.

Jirani yake, Bi Tatu, akaonja kipande kilichobaki kwenye mwiko. "Bila ya jivu," akasema, "kikitiwa sukari na hiliki, hichi kingefaa kwa futari."

"Ngoja kwanza tupate maji ya kupikia," Mwanapili akamjibu, akamkabidhi mwiko akoroge.