Rangi ya Kucha ya Mzee Sebahire

Niyonsenga ni fundi wa boti pale Cyangugu, kando ya ziwa, mzaliwa wa Bukavu ng'ambo ya mpaka aliyerudi Rwanda akiwa kijana, na maneno yake ni mengi kuliko spana zake. Mwulize habari ya injini, utajuta. Jambo moja tu halisemi mpaka abembelezwe, nalo ni habari ya rangi ya kucha.

Mzee Sebahire, aliyemfundisha kazi, alikuwa na desturi yake. Kila nati aliyoikaza aliipitishia mstari mmoja wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, ujue nati imelegea. Lakini kazi ya mwanafunzi ambayo hakuiamini aliipiga mistari miwili, iliyokatana. Hakugomba wala kueleza. Ulifungua, ukaanza upya. Niyonsenga alifungua kazi zake miaka sita, akimlaani mzee kimoyomoyo, na mwishowe akampenda kama baba. Mwaka jana walimzika. Niyonsenga akaenda kununua chupa yake mwenyewe, akakuta dukani imebaki ya waridi tu, na wavuvi wakapata la kumtania.

Mwezi wa nne ikaletwa boti ya Ganza, ile inayopeleka mchanga kisiwani Nkombo. Shafti inayozungusha panga la kusukuma boti ilikuwa na ufa. Dawa yake ni shafti mpya, na kuisubiri kutoka Kigali ni wiki nzima. Ila Niyonsenga alikuwa ameshajigamba ufukweni kwamba siku mbili zinamtosha. Basi akauchomelea ufa, akaupiga msasa, akaupaka rangi nyeusi, akakaza nati nne na kuzitia mistari yake ya waridi. Alijua fika kwamba shafti ikikatika ziwani, kipande cha nyuma huchomoka na maji huingia kwa tundu lake. Na Jumamosi mkewe, Umuhire, angepanda boti hiyo kwenda kumwona mama yake Nkombo. Akajiambia itahimili.

Ijumaa asubuhi alifungua chumba cha injini kwa ufunguo anaouvaa shingoni. Juu ya kila nati, palepale kwenye waridi lake, palikuwa na mistari miwili myekundu iliyokatana. Akaigusa. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamganda kidoleni.

Akaifuta yote kwa petroli, akijisemea kuna mtu anamchezea. Akafunga, akaenda kunywa chai. Aliporudi mistari ilikuwepo tena, na chumba kizima kilinuka rangi ya kucha. Alifunga mlango taratibu, kama mtu anayemwacha mwenzake amelala, akapanda mlima hadi kwa mjane wa Sebahire.

"Maman Speciose, ile rangi ya Mzee uliipatia nani?"

"Sikuipatia muntu. Niliitia mu mufuko ya koti yake, tukamuzika nayo." Akamtazama kidole. "Juu ya nini unauliza, mutoto wangu? Uliharibu kazi?"

Niyonsenga akakificha kidole mfukoni.

"Alikuwa anasemaka uko fundi muzuri," mama akaendelea, "lakini unapenda haraka."

Alishuka mlima hadi kwenye boti. Akafungua nati zote nne, akaitoa shafti, akaigonga kwa nyundo mara moja. Ikakatika vipande viwili. Akakaa akivitazama, akimfikiria Umuhire na maji yale.

Akavibeba mpaka kwa Ganza, mbele ya wavuvi wote.

"Papa Ganza, boti haitaenda kesho. Nilichomelea kitu ya kubadilisha, nikakudanganya."

Ganza alifoka, wavuvi wakacheka wiki nzima, na haya ikamla kweli kweli. Shafti mpya ilipofika akaifunga bila haraka, akaweka mistari yake ya waridi. Jumamosi ya wiki mbili baadaye Umuhire akaenda Nkombo, akarudi salama.

Jumatatu asubuhi Niyonsenga akafungua chumba cha injini. Mistari ya waridi ilikuwa mizima, peke yake. Alipaswa kufurahi. Akainama akanusa huku na huku, akiitafuta ile harufu, akakuta ya grisi tu. Hapo ndipo alipokaa chini akalia, maana kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliona kwamba Mzee Sebahire amekufa.