Maji Yaliyomwagwa Balangida

Kuna siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka mpaka leo, mjukuu wangu, na jana umenirudisha huko bila kujua. Nilikuwa napepeta maharage, wewe na mwenzako mkizungumza habari za kazi zenu, nikakusikia ukisema, "Lakini sheria haikukataza." Mkacheka. Mimi sikucheka. Maneno hayohayo niliyasikia kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Gidamis, wakati nchi hii iko chini ya Mwingereza, na tangu siku hiyo sijaweza kuyacheka. Basi keti. Chai ipo, na kwako hakuna anayekungoja. Ungekuwa umeoa ningekueleza kwa kifupi.

Tuliishi upande wa Dirma, mama, Gidamis na mimi. Baba alikuwa amekwisha kutangulia. Gidamis alijifunza udereva kwa Mzee Salumu, mwenye duka wa Katesh, na katika ukoo wetu wa Kibarabaig yeye ndiye wa kwanza kushika usukani. Tulijivuna naye kupita kiasi. Akipita na lori kuukuu la mzee huyo, mama alikuwa anasimama wima mpaka vumbi litulie, kana kwamba amepita mkuu wa wilaya.

Siku hizo, kiangazi kikikomaa, Ziwa Balangida likikauka na kubaki uwanja mweupe wa chumvi, wenye malori wa Katesh, Mbulu na Dongobesh walikuwa wanashindana humo. Mchezo aliuanzisha Mzungu mmoja mkulima wa ngano, na mwamuzi alikuwa yeye mwenyewe. Sheria alizisoma kwa sauti kila mtu asikie: lori liwe kama lilivyotoka dukani, injini isiguswe, na kila lori libebe mzigo wa uzito mmoja, upimwe kwenye mizani kabla ya kuanza. Mshindi alipewa kazi ya kusomba ngano yake msimu mzima. Kwa dereva kijana, kupata kazi hiyo ndiyo kuwa mtu mbele za watu. Mwaka uliotangulia aliipata Bura, Mwiraqw wa Maretadu, aliyeendesha lori la tajiri mmoja wa Dongobesh. Gidamis alishindwa, akaapa kwamba hatashindwa tena.

Sasa nikueleze kisima, maana bila kisima hutanielewa. Maji ya Balangida ni chumvi tupu. Wazee walichimba kisima cha maji matamu kando ya ziwa, na kiangazi kile kikali watu walileta ng'ombe hapo hata kutoka Getanuwas. Kila boma lilikuwa na zamu yake. Zamu yako ikifika unachota mpaka uone tope, kisha aliye nyuma yako anangoja maji yajae tena. Hapakuwa na polisi wala karani. Alikuwapo Mzee Gitagno tu, na fimbo yake, na sikumbuki kama aliwahi kumpiga nayo mtu.

Zamu yetu ilifika alfajiri ya siku ya mashindano. Nilikuwa na ng'ombe wetu wachache, na miongoni mwao Kijivu, aliyezaa juzijuzi, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chakula cha mama. Mara nikasikia lori. Gidamis akashuka, nyuma amepakia mapipa matupu.

"Dada, nipe zamu yako."

"Na hawa ng'ombe?"

"Watakunywa baadaye. Leo nikishinda, mama hatalala njaa tena. Maji haya ni ya gari."

Nilikuwa nimemwona mara nyingi akimimina maji kwenye injini, nikadhani kweli gari lina kiu. Na damu ni nzito kuliko maji, ndivyo wanavyosema. Mzee Gitagno akaniuliza, "Umempa kwa hiari yako?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akasema, "Basi ni yake. Wewe rudi mwisho wa mstari." Gidamis akachota mpaka tope. Nikawapeleka ng'ombe wangu nyuma ya watu wote, Kijivu akigeuza shingo kukitazama kisima.

Jua lilipopanda, malori yakaanza. Kutoka kisimani tuliyaona vizuri, yakizunguka ule uwanja mweupe, kila moja na vumbi lake. Lakini nyuma ya lori la Gidamis vumbi lilikuwa dogo, na ardhi ilibaki na mstari mweusi. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema, "Jamani, lile gari linakojoa." Watu wakacheka. Mzee Gitagno hakucheka. Alisimama, akautazama ule mstari kwa muda mrefu, akaketi tena.

Umeshaelewa, mwanangu. Maji hayakuwa ya injini. Yalikuwa mzigo. Gidamis alitoboa mapipa chini, akaziba kwa vijiti, akafunga kamba mpaka kwenye kiti chake. Kwenye mizani alikuwa na uzito sawa na wenzake waliobeba mahindi. Lori lilipoondoka akavuta kamba, mzigo ukamwagika chumvini, na lile lori kuukuu likawa jepesi na kuwapita wote. Wenzake walipopiga kelele, alijibu kwa utulivu kwamba sheria inasema mzigo upimwe kabla ya kuanza, haikusema upimwe mwishoni, na haikukataza maji. Yule Mzungu alicheka mpaka akavua kofia, akampa ushindi. Akili nyingi huondoa maarifa, na siku hiyo yaliwaondokea wawili.

Adhuhuri Kijivu akaanguka. Mbele yangu kulikuwa bado na maboma mengi. Nilimshika pembe nikamvuta, nikalia, nikamwita jina lake. Ndipo lori moja lililokuwa linarudi kutoka ziwani likasimama. Akashuka Bura, aliyeshindwa, mavumbi mpaka kwenye kope. Akamwambia Mzee Gitagno, "Shikamoo, baba," kisha akapanda juu ya lori na kushusha debe la maji aliloliweka kwa ajili ya rejeta. Akapiga magoti, akamshika ng'ombe wetu taya, akamnywesha polepole. Wakati ule Mwiraqw kumnywesha ng'ombe wa Mbarabaig halikuwa jambo la kila siku.

Nikamwuliza, "Na gari lako je?"

"Gari likichemka nitalala njiani," akasema. "Ng'ombe akichemka haamki."

Ndiyo, huyo ndiye babu yako. Acha kutabasamu, sijamaliza.

Kijivu alikuwa amekwisha kuinua kichwa, lakini bado yuko chini, Gidamis alipofika. Alikuja na honi, na vijana wa Katesh wakiimba nyuma ya lori. Akanikuta nimeketi mavumbini, ndama ananyonya vidole vyangu. Honi ikakatika. Mzee Gitagno akamwendea.

"Maji ya dada yako yako wapi?"

Gidamis akatazama chini. "Baba, mimi sikuiba. Alinipa. Na kule mashindanoni, sheria haikukataza."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali. "Ni kweli. Hata kisima hiki hakina sheria ya kumkataza mtu kuchota maji akayamwage chini. Hatukuiweka. Tulidhani hakuna atakayehitaji kuambiwa."

Hakuinua fimbo. Lakini mimi nilimwona ndugu yangu akipungua pale pale alipokuwa amesimama. Alimtazama Kijivu, akamtazama Bura na lile debe tupu, kisha akalia mbele ya vijana waliokuwa wanamwimbia. Nilikuwa na hasira naye, nakuambia ukweli, nilitamani kumpiga kwa kile kijiti cha pipa. Lakini nilimhurumia pia, kwa sababu tamaa yake yote ilikuwa mama ale.

Jioni ile alirudisha lori kwa Mzee Salumu, akaenda kwa miguu hadi shamba la ngano, akaomba kazi apewe Bura. Mzungu akasema mchezo umekwisha, sheria ni sheria. Gidamis akamjibu kwamba basi kazi yenyewe haitaki. Bura akaichukua. Na wazee wakakaa, wakampa Gidamis faini yao: atasimama ndani ya kisima, kwenye tope, akiwachotea watu wote mpaka mvua zinyeshe.

Alisimama. Mwanzoni watu walimtania kutoka juu, wakimwuliza kama sheria inaruhusu kunawa miguu. Akavumilia. Kisha, bila kuambiwa, akaanza kuchimba zaidi kila alipongoja maji, ndoo ya tope baada ya ndoo ya tope, mpaka akafikia mchanga mweupe ambao wazee hawakuufikia. Maji yakaanza kujaa upesi. Zamu zikakaribiana. Kijivu alikunywa maji yale akazaa tena mara nyingi, na mama aliyanywa maziwa yake mpaka uzee.

Kiangazi kilichofuata, wenye malori hawakuaminiana hata kidogo, kila mmoja akichungulia chini ya gari la mwenzake. Bura ndiye aliyesema, "Mwiteni Gidamis akague." Mzee Salumu akacheka, akasema mchawi mpe mtoto amlee. Lakini wakamwita, na hakuna kilichompita, maana alijua mkono wa mtu mwenye tamaa huficha wapi. Akapima mizigo mwanzo, akapima mwisho. Mwaka huo Bura alikuwa wa tatu, akashuka anacheka kuliko aliyeshinda. Nami nilikuwa nimekwisha kukataa wachumba wawili. Huyo sikumkataa. Na Mzee Salumu akamrudishia Gidamis lori lake.

Sasa sikia ninachotaka ukichukue, mwanangu. Sheria hutungwa na watu waliochoka, nao hawawezi kutaja kila ubaya. Mahali walipoacha wazi hawakukufungulia mlango, walikuamini. Kabla hujasema "haikukataza," uliza ni maji ya nani unayoyamwaga, na nani amerudi mwisho wa mstari kwa ajili yako. Na ikiwa umekwisha kuyamwaga, usikae kando ukitetea pipa lako. Shuka kisimani uchimbe. Njia ya kurudi ipo, ndugu yangu aliipita mbele ya macho yangu.

Mungu akubariki katika kazi yako. Akupe ushindi usiokuinamisha uso mbele ya mama yako, na akupe rafiki atakayekupa debe lake la mwisho. Ufike kisimani ukute waliokutangulia wamekuachia maji, nawe uondoke ukiwaachia walio nyuma yako mengi kuliko uliyoyakuta.