Kamera ya Mtoto wa Mwaya
Juzi, katika duka la Kyela ninakouza tangu niache shule, mke na mume walichagua kamera ya kumwona mtoto wao mchanga kwenye simu. Mama anarudi kazini Mbeya. Mtoto atabaki Mwaya kwa wazazi wa mumewe.

Mama mkwe, aliyekuja nao, mtoto mgongoni, akamuuliza mkwewe, "Baba mkwe wako akimpakata, utamtazama?"

Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake.

"Nitafumba macho, mama."

"Sasa kamera ya nini, mwanangu?"

Mume akacheka peke yake. Mkewe akairudisha kamera taratibu, akachukua kifaa cha kuleta sauti tu kwenye simu.

"Angalau nitamsikia akilia."

Mila naiheshimu. Lakini mtoto yule karibu ataanza kutabasamu, na tabasamu halina sauti.