Kiwiko cha Mama Nekesa Hakikuwa na Kosa

Aliyeamuru jeli ya kufungia majeraha ya moto ikazwe ni Mkurugenzi wa maabara yetu. Si Mama Nekesa, muuza chapati wa Kayole aliyeunguzwa kiwiko na mafuta. Natanguliza hili kwa kuwa taarifa rasmi ya majaribio yamtupia mama huyo lawama.

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtaalamu Mkuu aliniwekea kiganjani donge laini, angavu.

"Bwana Mutua, umeshika nini?"

"Jeli, mzee."

"Umeshika maji yaliyonaswa wavuni."

Wavu huo ni nyuzi zisizoonekana, na ukivutwa hukatika. Ndiyo maana tulitia chembe za nano, vipande vya udongo vidogo mno, viwe mafundo yanayoachia uzi kidogo na kuushika tena. Hapo jeli hunyumbuka na kurudi. Chembe zikizidi hugandana, na jeli hupasuka kama ukoko wa ugali.

Miaka mingi baadaye, Mkurugenzi aliibonyeza kwa kidole gumba mbele ya wageni. "Hii ni bandeji au ni uji? Ongezeni chembe, ikaze!"

Nilimweleza kwamba ugumu si uimara.

"Mutua, mahubiri peleka kanisani."

Tukaongeza. Mama Nekesa, aliyekuwa ameridhia majaribio, akafungwa jeli hiyo zahanatini. Alipoinua mkono ajifunge kitambaa kichwani, jeli ilipasuka, ikabandua ngozi changa. Taarifa ikaandikwa: jeli ilipasuka kwa kuwa mgonjwa alikunja kiwiko.

"Sasa hicho kiwiko mlitaka nikiweke wapi, kwa kabati?" akaniuliza.

Kwa idhini ya kamati ya majaribio, Mtaalamu Mkuu aliturudisha kwenye mchanganyiko wa awali. Mama Nekesa alipouona, aliguna. "Mzee Mutua, hii kamasi ndiyo dawa?"

"Ni kamasi itakayokunjika nawe, mama."

Ngozi ilishika. Leo nimestaafu, naishi Umoja, naye anasukuma chapati kwa mikono yote miwili, akinitania kila nipitapo. Vijana walioturithi wanaiandaa jeli hiyo kwa ajili ya majeraha ya magoti na vidole pia. Kazi yao ni safi, nami nina imani nao.

Lakini taarifa ile ingali kama ilivyoandikwa, na wauguzi wanaoisoma bado huwakataza wagonjwa kukunja viungo, navyo hukakamaa. Kwa hiyo namtaka Mkurugenzi aifute sentensi inayomlaumu mgonjwa, aandike agizo lake mahali pake, kisha aje Kayole amsomee Mama Nekesa masahihisho hayo kwa kinywa chake mwenyewe.