Rubani Hapewi Kiti

Miaka ile soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu Mbulu: mitumba, soda za kila rangi, ndege ndogo za watu binafsi. Mkoa mpya wa Manyara ulipotangazwa tukaongezewa na mabango. Hakuna aliyekumbuka kutuletea mtu aliyefundishwa kumwambia rubani kama kiwanja kinaonekana. Kazi hiyo wakubwa walimbandika mzee jirani yetu, mlinzi wa kiwanja, kwa sababu tu nyumba yake ilikuwa karibu na simu ya upepo. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mzee yule alipendwa na watu wote. Kwetu, mgeni akibisha hodi humwambii shida mlangoni. Unamsalimu, unamwambia salama, anapewa kiti na chai, ndipo anaambiwa kwamba ng'ombe wamekufa au baba anaumwa. Mzee alihamishia adabu hiyo hiyo kwenye simu ya upepo, na hakuna bosi hata mmoja aliyejisumbua kumwelekeza vingine.

Asubuhi hiyo nilikuwa zamu katika kituo cha afya, na mgonjwa wangu alikuwa mdogo wangu wa kike. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, alihitaji upasuaji, na mimi ni muuguzi, sipasui. Barabara ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa imekatwa na mvua. Tukaita ndege.

Ukungu ulikuwa umelala kuanzia kijiji cha Tlawi hadi kijiji cha Daudi, humuoni ng'ombe aliye mbele yako. Hilo lenyewe halikunitisha. Ukungu ukifunga huku juu, ndege hutua kiwanja cha chini, kwenye tambarare ya Hanang karibu na Gendabi, na sisi tunateremsha mgonjwa kwa gari kupitia Dongobesh. Kinachotakiwa ni rubani kuambiwa mapema, basi.

Nilikwenda kwa mzee nisikie kama niteremke au nisubiri. Nikamkuta anaongea na rubani.

"Habari za kiwanja, mzee?"

"Salama kabisa, mwanangu. Karibu sana."

Rubani akashukuru, akakata.

"Mzee, hujamwambia ukungu," nikasema.

"Nilikuwa nafika huko, binti. Ningeanzaje na ukungu, hata kusalimiana hatujamaliza?"

Nilimpokonya kile kifaa nikaita hadi sauti ikanikauka. Hakuna aliyejibu, mawimbi yalikuwa yamepotea. Nilitamani kukivunja pale pale.

Baadaye, nikiwa nimerudi kituoni, tukaisikia ndege ikizunguka juu yetu, hatuioni wala haituoni. Mdogo wangu akanishika gauni. "Si hiyo imefika, dada?" Mlio ukapungua, ukapotea. Rubani alikuwa amerudi alikotoka. Mpaka kumpata tena na kumwelekeza Hanang, na sisi kuteremka na lile gari kwenye tope, mchana wote ulikuwa umekwisha. Mdogo wangu alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume.

Kwenye maziko mzee alikuja mapema, amebeba maziwa ya wafiwa. Nilimpa shikamoo yake, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba, binti. Habari za hapa?"

Kila mtu uani alijua ninachotakiwa kujibu.

"Mbaya, mzee. Mtoto amekufa."

Watu wakainamisha vichwa, wakiona aibu kwa ajili yangu, si kwa ajili yake. Mama akanivuta mkono niingie ndani. Sikuingia, na neno langu sikulirudisha. Nilikuwa na hasira na mzee, na waliomwachia ile simu, na sisi sote tuliokuwa tukimsifu kwa ukarimu wake hewani.

Ndege ilipoita tena, nilikuwapo. Rubani alipouliza habari, mzee hakumsalimu. "Ukungu. Usije huku, shuka Hanang." Ndipo akamuuliza ameamkaje. Jirani mmoja alinong'ona kwamba siku hizi mzee amekosa adabu.

Wengine waliniambia nishukuru, maana sasa kazi anaifanya vizuri. Ni kweli, anaifanya vizuri. Maneno yenyewe hayakuwa magumu, na hayakuhitaji shule. Ila alijifunzia kwa mtoto wa mdogo wangu, na hilo sijalisamehe.